Mchumba Asiye na Maneno

Masizi ya chungu yakichanganyika na mafuta ya nazi hutoa harufu ambayo sijapata kuikuta kwingine. Juzi gesi ilituishia, mjukuu wangu akapikia nje kwa kuni, nami nikakaa kibarazani kusugua sufuria huku mikono yangu bado ina mafuta niliyojipaka. Harufu ikanipanda puani. Nikajikuta nacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, nikabaki nimeshika sufuria tu. Mjukuu akauliza, "Bibi, una nini?" Nikamwambia nimemkumbuka mwanamume mmoja mwenye masharubu. Akanitazama kwa jicho la kushuku, na sikumfafanulia. Ninyi wa rika langu ndio nitakaowafafanulia, kwa sababu hamtaniuliza masharubu yalichorwaje.

Mwanamume huyo alikuwa shangazi yangu Rukia, dada yake baba. Masharubu yalikuwa ya masizi.

Sijui kama mtaani kwenu mlikuwa na mchezo huu. Kwetu Langoni, harusi ikifika siku ya wanawake peke yao, baada ya alasiri, wanaume wakishafukuzwa waende vibarazani kwa wenzao, palichezwa mchezo wa wachumba. Haukuandikwa popote. Bibi yangu aliupokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, na kila mwanamke aliyeketi pale aliujua mwanzo hadi mwisho, kama tunavyojua mapishi ya biriani. Utamu ulikuwa kuona safari hii nani atatia chumvi na nani ataunguza.

Jukwaa lilikuwa kiwanda, ule uwanja wa ndani ya nyumba, na pazia lilikuwa shiraa ya bibi. Wadogo siku hizi hawaijui shiraa. Ni kitambaa kipana mfano wa hema, kilichobebwa kwa miti, na mwanamke wa nyumba kubwa akapita njiani akiwa ndani yake, asionekane ila vidole vya miguu. Nilipopata akili zilikuwa zimeshaachwa, watu wamevaa mabuibui, na ya bibi ililala sandukuni pamoja na karafuu. Ilitolewa kwa ajili ya mchezo tu. Bibi aliisimamia kama askari wa bandarini, na ole wake aliyeishika na mikono ya samli.

Basi, katika mchezo, msichana mmoja ana wachumba wanne, wote wanawake wenzetu waliovaa kanzu za waume zao. Wa kwanza ni Bwana Kioo. Huyo huja na kioo mkononi, amwambie msichana anampenda mno, huku akijitazama yeye. Bi Shekue, jirani yetu mwenye kifua na sauti, ndiye aliyekuwa Bwana Kioo miaka yote, na aliwahi kuibusu taswira yake mpaka kioo kikaingia ukungu. Wa pili ni Bwana Machozi, ambaye hapati usingizi, hali chakula, amekonda kwa mapenzi, analia akiikumbatia nguzo. Msichana mwenyewe akipita mbele yake, bwana huyo humwambia, "Nipishe, mama, naomboleza." Wa tatu ni Bwana Makapu. Huyo kila akija ana kapu, la maembe, la nguo, la kuku, na akiulizwa lolote hujibu kwa kufungua kapu jingine.

Wa nne hakuwa na jina. Alikaa kando tangu mwanzo, kimya. Nguzo ya shiraa ikiinama, yeye ndiye aliyeinuka kuisimamisha. Bwana Machozi akizimia, yeye ndiye aliyemwekea mto. Wenzake walimkanyaga, walimwekea makapu mapajani, naye akanyamaza. Mwishoni kabisa msichana humgeukia na kumuuliza, "Na weye je, wataka nini?" Hapo ndipo huyo bwana hufungua kinywa mara moja tu, na jibu lake lilitakiwa kuwa jipya kila harusi. Mwenye zamu alilificha hata kwa dada yake. Wanawake walikuja kusikia harusi imepambwaje, lakini walikaa hadi mwisho kusikia jibu.

Akishachaguliwa, yeye na msichana huingia ndani ya shiraa, na shiraa hutoka mlangoni ikitembea kwa miguu minne, vigelegele juu. Mimi mdogo nilidhani hivyo ndivyo ndoa ilivyo. Unaingia ndani ya kitambaa, unatoka mlangoni, basi. Sikuona mtu akirudi, kwa kuwa muda huo mimi nilikuwa nimeshakimbilia halua.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba yetu. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba akanileta kwa mama yake, na shangazi Rukia akanipokea. Yeye alikuwa ameolewa akiwa msichana sana, akaachika bila mtoto, na alikuwa akikaa na bibi akishona kofia za vito, zile nyeupe zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi. Sindano na nyuzi zake zilikaa katika mkebe wa biskuti wenye kifuniko chenye picha ya yule malkia kijana wa Uingereza, ambaye miaka ile alikuwa ndiyo kwanza avishwe taji. Nilimdhania malkia huyo kuwa mshoni wa kofia. Nililala kitanda kimoja na shangazi, unyayo wangu umegusa mgongo wake, na nisipougusa sikupata usingizi. Yeye hakuwahi kulalamika kwamba ni wa baridi.

Mchezo ule ulinitia udadisi usio na dawa. Nilianza kumtazama kila mtu mzima na kujiuliza, huyu anapenda kama nani? Muuza kahawa alikuwa Bwana Kioo, nilimuona akijitazama kwenye dele lake la shaba. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani nilimweka kwa Bwana Machozi, kwa kuwa alifumba macho akisoma kasida na pua ikimtoka majimaji. Baba alikuwa Bwana Makapu bila shaka yoyote. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kutoka kwake Wiyoni na kapu la nazi au la samaki, akaliweka, akanipapasa kichwa, akauliza nimehitimu juzuu gani, na kabla sijajibu alikuwa ameshavaa viatu.

Wengine walinishinda. Bibi, kwa mfano. Babu alikuwa amekufa zamani, lakini kila asubuhi bibi alitandika upande wake wa kitanda, akaunyoosha kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu ataukagua. Nikamuuliza, "Bibi, hayo ni mapenzi ya Bwana nani?" Akanijibu, "Ya Bwana Babuyo. Toka hapo, wanikalia shuka." Na shangazi, aliyenikunia nazi na kunikaangia ukoko kwa sababu niliupenda, alikuwa nani katika mchezo? Sikumpatia nafasi. Nikaona kwamba mchezo wetu umepungukiwa na watu.

Ndipo fundi Athmani alipopeleka posa.

Alikuwa seremala, mchongaji wa milango, mjane aliyefiwa na mke, na karakana yake ilikuwa ujia wa pili kutoka kwetu. Dada yake, Bi Khadija, ndiye aliyekuja kusema na bibi. Na kwa kuwa shangazi alikuwa mwanamke aliyekwisha kuolewa, jibu lilikuwa lake mwenyewe, hakuna wa kumjibia. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alianza tu kofia mpya, na nilipomuuliza ya nani alisema, "Ya kichwa." Kisha akawa anaimba chinichini akishona, jambo ambalo hakulifanya kwa kofia za wengine.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Niliiona shiraa ikitoka mlangoni na shangazi ndani yake. Ijumaa iliyofuata Baba alikuja na kapu, na safari hii akaketi, jambo ambalo pekee lilitosha kunitisha. Nilikuwa naye hapo hapo, napanga nazi.

"Mama," alimwambia bibi, "fundi Athmani ni mtu mwema. Rukia asimuweke mtu akingojea hivi. Na kama ni huyu kijana wangu, tamtukua mimi, akae kwangu. Mtu na mumewe wataka nafasi."

"Hilo mwambie mwenyewe," bibi akajibu.

"Ndilo namwambia."

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye kofia. "Nimesikia, kaka," akasema. Sindano yake ikaingia katika kitundu na kutoka, ikaingia na kutoka, lakini kuimba hakukuwako.

Baba alipoondoka nilimfuata bibi jikoni. Alikuwa akichagua mchele. Nikamuuliza shangazi atapelekwa wapi.

"Apelekwe wapi? Nyumba hini ni yake. Kwetu mume ndiye huya na sanduku lake."

Nilifurahi kwa muda wa kama pumzi moja. Halafu nikafikiri. "Basi mimi je?"

Bibi aliendelea kuchagua mchele. Alitoa chuya, akatoa jiwe, akatoa chuya nyingine. "Weye utakwenda kwa babako," akasema mwishowe. "Si mbali. Ukipiga chafya Wiyoni, sisi hapa twakuombea rehema."

Kumbe shiraa ilikuwa ikiningoja mimi. Katika nyumba zetu binti haondoki, mume humfuata. Anayefungasha ni mwingine. Na mke wa baba hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alinichana nywele taratibu na kunipa mandazi ya moto. Lakini hakujua habari za unyayo wangu, na huwezi kumwambia mtu jambo kama hilo. Nililia nyuma ya birika la maji, huku nikijiuliza bado, maana udadisi haukuniacha hata katika kilio: huyo fundi ni bwana yupi kati ya wale? Kama ni Bwana Kioo, shangazi atamkataa. Nikaona heri nikamtazame mwenyewe.

Shangazi aliponituma uzi dukani siku ya pili, nilipitia karakana. Alikuwa amekaa chini peke yake, amelaza fremu ya mlango mapajani, akichonga maua yake kwa patasi ndogo. Sakafu nzima ilikuwa imefunikwa na unga wa mbao, laini, wa rangi ya hudhurungi, wenye harufu tamu na chungu kwa pamoja. Niliingia pekupeku hadi katikati. Aliinua kichwa. Alikuwa na uso mrefu na nyusi zilizojaa unga.

"Weye u wa nani?" akauliza.

"Wa shangazi Rukia."

Akaweka patasi chini.

"Una kioo?" nikamuuliza.

"Sina."

"Wayua mashairi?"

Akafikiri. "Siyui hata moya."

"Makapu je?"

Akatazama pande zote, akanionyesha kikapu kimoja kikuukuu chenye misumari. Nikakiona hakifai. Basi nikamuuliza moja kwa moja, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza maswali ya pembeni: "Sasa wampendaje shangazi?"

Badala ya kunitazama usoni akaitazama miguu yangu. Akaitazama kwa muda. Nikaona haya, maana ilikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Toka hapo polepole. Usikokote maguu."

Nikajua nimefukuzwa. Nilitoka kwa kuinua miguu mmoja mmoja kama alivyosema, na nilipofika kwenye kona nikachungulia nyuma. Fundi Athmani alikuwa amechuchumaa pale pale nilipokuwa nimesimama, na mkononi ameshika ufagio wa chelewa.

Lazima niwaeleze kitu. Bibi alitukataza katukatu kufagia nyuma ya mgeni anayeondoka. Mgeni akitoka, ufagio hauguswi mpaka awe amefika kwake, kwa sababu kumfagilia ni kumwambia asirudi tena, na mguu wake usionekane hapo maisha. Niliwahi kupigwa kofi kwa kosa hilo, mgeni mwenyewe akiwa hajafika hata kwenye kona. Kwa hiyo nilichokiona hakikuhitaji mfasiri. Nilirudi nyumbani mbio, na uzi sikuununua.

"Shangazi," nikamwambia, "yule fundi hanitaki. Amefagia unyayo wangu."

Alikuwa akitia uzi sindanoni. Aliacha. "Nani kakwambia?"

"Nimeona."

"Umeona kwa mato yako?"

"Kwa mato yangu. Nilipotoka tu, akashika ufagio."

Hakunigombeza kwa kwenda kwa mtu, wala hakuniuliza nilikwenda kutafuta nini. Alichomeka sindano kwenye kofia ile ya kichwa, akaikunja, akaitia ndani ya mkebe, akamfunikia malkia. Halafu akaniambia nimletee nazi akune. Alikuna hadi ikafika kwenye kifuu, nikasikia mbuzi ya kukunia ikikiparuza, naye hakusikia.

Majuma kadhaa baadaye jirani yetu mmoja akamwoza binti, na zamu ya mchumba asiye na jina ilikuwa ya shangazi. Niliwaona wakijiandaa chumba cha juu. Bi Shekue alikuwa akigombana na kanzu ya mumewe iliyomkataa kifuani. Bibi alichovya kidole katika masizi na mafuta ya nazi, akamchora shangazi masharubu, moja likawa nene kuliko jingine. Kwa kawaida hapo ndipo walipocheka mpaka wakaegemea ukuta. Shangazi aliketi kimya akichorwa, na bibi akamuuliza kwa sauti ya chini, "Jibu lako unalo?"

"Ninalo."

"Litatekesha?"

"Siyui, mama."

Kiwanda kilijaa. Marashi, jasho, asumini, watoto wanaolia na mama zao wanaowanyamazisha kwa visheti. Bi Khadija, dada yake fundi, alikuwa ameketi mbele kabisa, buibui mapajani, amenyooka. Kila mtu aliyekuwa pale alijua kwa nini amekuja na anamtazama nani. Mimi nilijibana karibu na mti wa shiraa.

Mchezo ulikwenda vizuri. Bwana Kioo aliomba msamaha kwa kioo chake kwa kukiacha peke yake usiku. Bwana Machozi alizimia juu ya mama wa bibi harusi, wakamwagiwa maji wote wawili. Bwana Makapu alimfungulia msichana kapu, ndani mna kapu, ndani mna kapu. Wanawake walicheka wakashika mbavu, nami nikacheka pia, Mungu anisamehe, huku nikijua ni siku zangu za mwisho katika nyumba ile. Na muda wote huo shangazi alikaa kando katika kanzu nyeupe, akisimamisha mti ukiinama, akiokota makapu. Alicheza vizuri kuliko wote na hakuwa akicheza.

Msichana akamgeukia. "Na weye je? Wenzio wamesema wametoka povu. Weye wataka nini?"

Visheti viliacha kutafunwa.

Shangazi aliinuka. Hakuitia sauti yake uzito wa kiume kama ilivyokuwa desturi. Alisema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mimi sina langu la kusema, bibi. Nauliza tu. Ndani ya nyumba yako mna nani mwingine, nimuamkie?"

Wachache walianza kucheka wakakatiza. Nilidhani shangazi amesahau jibu lake na kuokota la njiani, nikamuonea huruma. Lakini Bi Shekue, kwa kanzu yake iliyofumuka, alikuwa amenigeukia mimi, na aliyekuwa karibu naye akanigeukia, kisha wengine. Sikuelewa kwa nini natazamwa. Nikajifuta mdomo, nikidhani nina makombo. Bi Khadija naye alinitazama, muda mrefu, kisha akasimama, akajitupia buibui, akatoka kabla halua haijaletwa. Mwanamke hatoki kabla ya halua ila ameudhika. Hilo nililijua hata mimi.

Shiraa ilitoka mlangoni kwa miguu minne, na vigelegele vilikuwa vya adabu tu.

Jioni ile shangazi alijifuta masharubu kwa ncha ya leso lakini doa likabaki, na aliponiinamia kunifunika nikaisikia ile harufu, masizi na nazi, karibu kabisa na pua yangu. "Shangazi," nikamuuliza, "umemkataa?"

"Nimemuuliza," akasema.

"Na akinyamaza?"

"Basi kanyamaza. Lala." Akanigeuzia mgongo, nami nikauweka unyayo wangu mahali pake. Nilimpenda siku ile kwa mapenzi yaliyoniuma kifua, na sikujua hata kidogo kwamba alikuwa amenichagua mimi mbele ya mtaa mzima na kumwachilia mtu aliyemtaka. Nilidhani ameharibu mchezo.

Asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Bi Khadija alibisha hodi. Alikuwa na kitu kimefungwa katika leso nyekundu. Hakukaa. Alimpa bibi mkononi, akasema, "Kakangu amesema yeye hana maneno, mwamyua. Amesema tazameni hivi, na kama si vyema, mvirudishe." Kisha akanitazama tena kama alivyonitazama jana yake, na safari hii nikaona kwamba hakuwa ameudhika hata kidogo. Alikuwa mwanamke aliyebanwa na habari.

Bibi alifungua leso sakafuni. Mlikuwa na mitawanda, vile viatu vya mbao vyenye kishikizo cha kubana kwa vidole. Jozi moja ilikuwa ya mwanamke, imechongwa maua pembeni. Ya pili ilikuwa na maua yale yale, madogo zaidi, juu ya mbao zisizozidi kiganja cha bibi.

"Amekosea," nikasema. "Hivi ni vya mwanasesere."

Bibi aliinua kimoja kile kidogo, akakigeuza, akakinusa, akakipitishia kidole gumba. "Rukia," akasema, "hivi havikutongwa yana. Mafuta yameingia mpaka ndani. Hivi ni kazi ya siku nyingi."

Shangazi alipiga magoti. Aliushika mguu wangu kwa kisigino, akauingiza. Kishikizo kikaingia katikati ya vidole, kisigino kikafika ukingoni, hakikupita, hakikupungua. Sikuwahi kuvaa kitu ambacho hakikuwa cha mtu mwingine kabla yangu.

"Amepata wapi kipimo?" bibi akauliza.

Shangazi akaniinulia uso. Doa la masizi lilikuwa bado shavuni. "Hebu nambie tena. Alifanya nini, siku ile?"

"Alichuchumaa pale niliposimama, na ufagio."

"Akafagia?"

Nikafikiri. Kwa mara ya kwanza nikafikiri. "Alivunja njiti moja," nikasema. "Akailaza chini."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, mpaka machozi yakateremka yakaingia katika lile doa na kumchora upya, na bibi naye akaanza, nami nikacheka kwa sababu wao wanacheka. Kisha akauendea mkebe, akamfunua malkia, akatoa ile kofia. Alishona siku ile hadi adhuhuri akiimba.

Ami Athmani alikuja na sanduku lake, kama desturi. Mimi sikwenda Wiyoni ila kwa kutembea. Chumba changu kilikuwa cha jirani na chao, na kitanda changu alikichonga yeye, akakisukuma hadi kwenye ukuta wao, akasema ukuta huo hauna baridi. Hakuwa mtu wa maneno hata alipozeeka. Lakini kila nilipokua, mitawanda ikinibana, hakuniuliza. Alimwaga konzi ya unga wa mbao sakafuni na kusema, "Ima hapa." Nilisimama hapo mwaka hadi mwaka, nikawa mwali, nikasimama hapo hata wiki ya harusi yangu, naye akachuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akiwa na njiti mkononi. Mume wangu naye alikuja kwetu na sanduku lake. Mchezo ulichezwa, na zamu ilikuwa ya shangazi, na jibu lake safari hiyo lilitekesha mtaa mzima, lakini hilo siwezi kuliandika hapa.

Shangazi ndiye aliyetangulia mbele ya haki. Ami Athmani akafuata muda si mrefu, na mimi ndiye niliyeisafisha karakana. Patasi zilikuwa mahali pake, zimepakwa mafuta. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, palining'inia kifurushi cha njiti za chelewa, kimefungwa kwa uzi mweupe wa kofia. Zilipangwa kutoka fupi hadi ndefu. Niliiweka ile ndefu sakafuni, nikavua kiatu, nikasimama juu yake. Kisha nikaichukua ile fupi kuliko zote, ile ya siku niliyodhani ananifagia, na hapo nikakaa chini kwenye unga.